Mwanga Upimwe Kama Dawa: Funzo la Manjano ya Watoto Wachanga kwa Maabara Zetu



Mada hii ina hoja moja. Katika maabara zetu asidi tunaipima hadi tone la mwisho, joto tunalisoma kwa kipimajoto, muda kwa saa. Ukifika mwanga, tunaandika maneno tu: "sampuli iliwekwa juani", "sampuli iliwekwa chini ya taa". Nami nasema mwanga ni kitendanishi kama vingine. Una aina yake, ambayo ni urefu wa wimbi, na una kiasi chake, yaani nishati inayofika juu ya sampuli kwa kila sentimita ya mraba. Jaribio ambalo halikutaja mambo hayo mawili haliwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Nimechagua kuieleza hoja hii kwa njia ya manjano ya watoto wachanga, maana hapo mwanga unaingia mwilini mwa mtu, unabadilisha molekuli moja inayojulikana, na badiliko hilo linaokoa ubongo wa mtoto.

Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, Sista Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje wakapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, isipokuwa pembetatu moja iliyobaki na umanjano mkali. Pembetatu ile ilikuwa mahali palipofunikwa na ncha ya shuka. Baada ya muda mfupi likatokea jambo la pili. Mrija wa damu ya mtoto mwenye manjano uliachwa dirishani palipopiga jua, na ulipopimwa, bilirubini, yaani kitu kinachoipa ngozi umanjano huo, ilikuwa chini sana kuliko ilivyotarajiwa. Majibu ya namna hiyo ni rahisi kuyaita makosa ya maabara na kuyatupa. Madaktari wale walirudia vipimo, wakatengeneza kitanda chenye taa, na mwaka 1958 Cremer, Perryman na Richards wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Naomba tuzingatie kwamba chanzo cha tiba hii ni jicho la muuguzi aliyewaogesha na kuwabadilisha watoto wale kila siku. Wauguzi na mafundi sanifu wetu huona mengi ya namna hiyo, lakini sisi mara chache tunawauliza.

Sasa kemia yake. Seli nyekundu za damu zinapovunjika, hemoglobini hubadilika hatimaye kuwa bilirubini, kitu cha rangi ya manjano kisichoyeyuka vizuri katika maji. Ini la mtu mzima huiunganisha na sukari maalumu, ikayeyuka na kutoka kwa njia ya nyongo. Ini la mtoto mchanga bado halijaimudu kazi hiyo. Bilirubini ikizidi sana hupenya hadi kwenye ubongo, na mtoto anayepona anaweza kubaki na uziwi au mtindio wa ubongo. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika sehemu zenye malaria, mwambao wetu ukiwemo. Kwa watoto hao hata naftalini, zile dawa tunazoweka sandukuni kuzuia nondo, zinaweza kuvunja seli za damu kwa wingi.

Kwa nini bilirubini haiyeyuki, ilhali ina sehemu zinazopenda maji? Kwa sababu molekuli yenyewe imejikunja kama khanga iliyokunjwa mji ukaingia ndani: sehemu zile zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, maji hayazifikii. Fotoni ya buluu ikimezwa na molekuli hii, kifungo maradufu kimoja hulegea kwa muda mfupi mno na upande mmoja ukazunguka nusu duara. Mkunjo unafunguka, maji yanaingia, na molekuli inaweza kutoka kwa nyongo bila kulisubiri ini liiunganishe na sukari. Molekuli nyingine hujifunga upya kuwa lumirubini, umbo lisilorudi nyuma, ambalo hutoka kwa nyongo na kwa mkojo. Uzito wa molekuli haukubadilika hata kidogo, wala hakuna atomi iliyoongezwa au kuondolewa. Umbo tu ndilo lililobadilika.

Hapa ndipo kanuni ya Grotthuss, ya mwaka 1817, inapopata uzito wake: mwanga unaofanya kazi ya kemia ni ule uliomezwa tu. Bilirubini huonekana ya manjano kwa sababu inameza buluu, hasa karibu na nanomita 460. Mwanga mwekundu hauigusi hata ukimwagwa kwa saa nyingi. Kanuni ya pili, iliyotokana na kazi ya Stark na ya Einstein mwanzoni mwa karne ya 20, ni kwamba kila fotoni inayomezwa huanzisha tukio katika molekuli moja. Kwa hiyo fotoni zinaweza kuhesabiwa kwa moli. Moli moja ya fotoni za nanomita 460 ina takriban kilojuli 260. Ya nanomita 650, nyekundu, ina takriban 184. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayeweza kukokotoa moli za chumvi anaweza pia kukokotoa moli za mwanga.

Nikae kidogo kwenye suala la kiasi, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Tiba kali ya mwanga hutaka mawimbi ya nanomita 460 hadi 490, kwa nguvu isiyopungua maikrowati 30 kwa kila sentimita ya mraba kwa kila nanomita. Jicho haliwezi kuhukumu jambo hili. Jicho la binadamu huona vyema zaidi kijani, karibu na nanomita 555, na kwa buluu ni dhaifu sana. Kipimo cha laksi kimetengenezwa kufuata jicho, hivyo nacho kinadanganya vilevile. Taa nyeupe inayoumiza macho inaweza kuwa na buluu haba, na taa ya zamani inaweza kuwaka vizuri huku nguvu yake ya kutibu imekwisha. Umbali nao hupunguza dozi haraka: taa iliyoinuliwa ili nesi apate nafasi ya kufanya kazi, ikaachwa huko juu, ni dawa iliyopunguzwa bila daktari kujua. Kila wodi yenye taa hizi inastahili kuwa na radiomita, na mtu anayejua kuisoma.

Na jua je? Mama zetu na bibi zetu huwaotesha watoto jua la asubuhi, na jua lina buluu nyingi kweli. Lakini lina miali ya urujuanimno, ambayo haina kazi katika tiba hii na inaunguza ngozi, tena lina joto linaloweza kumkausha mtoto maji. Ushauri wa kumwanika mtoto dirishani usimcheleweshe mama kwenda hospitali. Hata hivyo, wazo lenyewe halikuwa la kutupwa. Watafiti walioongozwa na Slusher walifanya kazi yao Lagos, Nigeria, wakiwaweka watoto chini ya vibanda vilivyoezekwa kwa karatasi angavu, ya aina inayobandikwa kwenye vioo vya madirisha, inayozuia urujuanimno na kupunguza joto huku ikipitisha buluu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba jua lililochujwa halikuwa duni kuliko tiba ya taa za kawaida. Mimi nauona kama mfano bora wa utafiti wa mwanga barani kwetu: walichukua desturi ya akina mama, wakaitenganisha wimbi kwa wimbi, wakaipima.

Si manjano tu: mzunguko ule ule wa kifungo maradufu tuliouona katika bilirubini ndio unaoanzisha kuona. Retinali, molekuli iliyo jichoni, hugeuka umbo ndani ya femtosekunde zipatazo 200, kasi ambayo haikuweza kufuatiliwa kabla ya mbinu za leza za aina aliyoiendeleza Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Mwani wa maji baridi, Chlamydomonas, nao una protini yenye retinali, inayofungua mlango wa ayoni ikipigwa na buluu. Mwaka 2005 Boyden, Deisseroth na wenzao walionyesha kuwa protini hiyo ikiwekwa ndani ya neva, mwanga huiamsha neva ile kwa usahihi wa milisekunde. Kazi hizo zote zimesimama juu ya wimbi lililotajwa na dozi iliyopimwa.

Kwa maabara zetu gharama si kisingizio. Taa za LED za rangi moja zinapatikana madukani. Ferioksaleti ya potasiamu, iliyowekewa utaratibu wa kuhesabu fotoni na Hatchard na Parker mwaka 1956, hutengenezwa kwa chumvi ambazo stoo nyingi za kemia tayari zinazo. Kila jaribio la mwanga liwe na sampuli pacha gizani, iliyofungwa kwa karatasi ya alumini na kukaa kwenye joto lile lile, maana taa hupasha, na mara nyingi tunalipa jua sifa ya kazi iliyofanywa na joto. Mirija ya damu ya kupima bilirubini ifunikwe tangu kitandani hadi maabara. Ule wa Rochford ulituonyesha kinachotokea usipofunikwa.

Napendekeza pia kazi moja inayoweza kuanza muhula huu. Karatasi za kubandika vioo, nailoni za vitalunyumba na vioo vya madirisha vinavyouzwa katika miji yetu vichukuliwe, vikatwe vipande, vipimwe kwa spektrofotomita kuanzia nanomita 300 hadi 700, vikiwa vipya na tena baada ya miezi sita ya jua la paani. Chuo chenye idara ya fizikia na hospitali jirani kinaweza kuifanya kwa wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza, na jedwali litakalopatikana lipelekwe kwanza kwa wauguzi wa wodi za watoto njiti.