Denge wa zamani ruksa, Denge wa leo je?

(Haya niliyazungumza mbele ya vijana wa tawi letu hapa Nyamuswa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

 

Niliombwa nizungumzie Katiba. Nitaizungumzia, ila naomba nipitie mlango wa sinema, maana tusidanganyane, kibanda umiza cha hapa senta kinajaza watu kuliko mikutano yetu.

Nani ameiona Vuta N'kuvute? Mikono mitatu. Basi niwaambie wengine. Ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na ilifika mpaka tamasha la Toronto. (Amil ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, yule ambaye sisi wa sheria tunamsoma mpaka usiku wa manane.) Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyekimbia ndoa ya mzee, Denge ni kijana anayepinga ukoloni na polisi wako nyuma yake kila wakati. Kwangu mimi mapenzi yamekula nafasi ya siasa, ningependa kumwona Denge akiwa kazini zaidi. Lakini ni filamu nzuri, na niliyeangalia naye alikuwa anapiga makofi kila Denge anapowaponyoka askari.

Sasa mimi hapo ndipo nilipoanza kuwaza. Huyu Denge tumeruhusiwa kumshangilia kwa sababu askari wanaomfukuza ni wa Mwingereza. Mvue Mwingereza hiyo kofia, mweke OCD wa leo, halafu peleka hati yako ya filamu ukaombe kibali. Utarudi nacho?

Hapo jirani Butiama kuna mtu aliyelielewa jambo hili mapema. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Hebu fikirieni: Rais aliye madarakani anakaa usiku anatafsiri mchezo ambao mtawala anachomwa visu na watu wake wa karibu! Namheshimu sana kwa hilo. Lakini Kaizari ni wa Roma. Na ni chini ya Mwalimu huyohuyo tulipopata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, ile inayosema huwezi kutengeneza filamu ya kuonyesha watu bila kibali cha maandishi. Imefanyiwa marekebisho, ikiwemo mwaka 2019, ila uti wa mgongo wake ni uleule: kwanza uombe, ndipo useme.

Kuna waliotusema sisi wenyewe, sisi wa ziwani, kwa karibu. Mnaikumbuka filamu ya mapanki?

Wengi hapa tulikuwa watoto wadogo. Hubert Sauper, raia wa Austria, aliitengeneza Mwanza na kuitoa mwaka 2004. Inaonyesha minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wakibaki na vichwa na mifupa. Ikaingia kwenye orodha ya kugombea Oscar mwaka 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete akaishutumu hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Najiuliza, ni wangapi kati yao walikuwa wameiona?

Mimi nimeiona, kwa flashi, hosteli. Niseme ukweli wangu: ile hoja kwamba ndege zinazochukua samaki ndizo zinazoleta silaha Afrika, filamu inaizungukazunguka na haiithibitishi vya kutosha. Kikwete alikuwa na haki ya kukasirika na kuijibu. Hata mimi kuna mahali nilikasirika, jinsi Mwanza nzima ilivyogeuzwa jalala. Lakini mapanki nayajua. Bibi yangu aliyanunua mnadani miaka na miaka, akayakaanga, tukala, na minofu hatukuijua rangi. Musoma nako viwanda vya minofu vilikuwepo. Hilo lilikuwa kweli na lilistahili kujadiliwa na sisi tunaoyala. Badala yake, mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyeonekana ndani ya filamu hiyo, alikamatwa na uraia wake ukatiliwa shaka. Kwa kuongea mbele ya kamera!

Linganisheni na Ufaransa. Huko mwanahistoria François Garçon aliishambulia filamu hiyohiyo kwamba ni ya udanganyifu. Sauper akamshtaki kwa kumchafulia jina, na mahakama ikaamua kwa upande wa Sauper. Filamu ilikuwa imeonyeshwa, mkosoaji alikuwa ameandika, jaji akaja mwishoni. Sisi jaji anakaa mlangoni, na wala siyo jaji, ni bodi.

Sasa Katiba. Ibara ya 18 haizungumzii msanii peke yake. Inasema kila mtu ana uhuru wa kueleza fikra zake, na pia ana haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Kupokea! Yaani wewe unayelipa kiingilio kibandani, haki ni yako pia. Ibara ya 30 inaweka mipaka, sikatai; watoto walindwe, heshima ya mtu ilindwe. Ila anayetaka kunizuia nisione, yeye ndiye atoe sababu.

Na hasara kubwa hatuioni, kwa sababu ni ya vitu ambavyo havijaandikwa. Angalieni tamthilia zetu za jioni. Wachepukaji, mama wakwe, matajiri wenye siri, uchawi. Waigizaji wetu ni hodari, nami nazifuatilia, Juakali sijifichi. Lakini mtendaji wa kijiji anayekula michango ya darasa mnamwona mara ngapi? Mwandishi anamjua vizuri, pengine anaishi naye mtaa mmoja. Anamruka tu, kwa sababu ana kodi ya kulipa.

Mtaniambia, mbona Nay wa Mitego aliachiwa? Kweli. Machi 2017 alikamatwa kwa ajili ya "Wapo", halafu Waziri Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, upigwe, na hata aongeze wakwepa kodi. Watu wakashangilia. Mimi naona ndiyo ilikuwa habari mbaya kuliko kukamatwa kwenyewe. Kama unaimba kwa sababu mkubwa amependa, siku akinuna utaimba nini? Mwaka 2024 Nay huyohuyo katoa "Nitasema", BASATA wakamwita tena.

Sasa nakuja kwetu, na hapa msinizomee. Nay akiitwa, makundi yetu ya WhatsApp yanawaka moto. Lakini mwishoni mwa 2018 BASATA walipoufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, kisha wakawazuia wote wawili kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi mpaka Januari 2019 walipowafungulia, wangapi wa upande wetu walisema neno? Wengine walicheka, "acha wafungiwe, si wanaimbia CCM." Wimbo wenyewe mimi siupendi, maneno yake siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa. Lakini kalamu iliyousaini ule barua ndiyo hiyohiyo inayomsaini Nay. Na siku tukishika dola sisi, hiyo kalamu tutaikuta mezani. Nataka kujua leo, kabla hatujaikuta, nani kati yenu ataivunja.

Haya, karibuni kwa maswali. Kaka wa pale nyuma uliyenyoosha mkono muda mrefu, kama ni lile la kwamba namtetea Diamond, jibu ni ndiyo. Uliza lingine.