Kinyago Huanzia Msituni

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wafadhili, Mtua



Nimeombwa nizungumzie sanaa na utamaduni kwa wageni wanaotembelea pwani yetu. Baadhi yenu mmeuliza: sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna bahari, jambo hili linatuhusu nini? Linatuhusu sana.

Mgeni hufika Kilwa Kisiwani kuona magofu ambayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hufika Mikindani kuona nyumba za kale. Anapoondoka hutaka kumbukumbu, na mara nyingi huchagua kinyago cha Kimakonde: shetani, au ile nguzo ya ujamaa ya watu waliobebana. Kinyago bora ni cha mpingo, na mpingo hautoki ufukweni. Unatoka katika misitu kama hii yetu.

Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia kuvunwa. Gogo likiuzwa kiholela, kijiji hupata kidogo. Thamani huongezeka mbele ya safari: kwa mchongaji, kwa mwenye duka, na ng'ambo ambako mti huu hutengenezewa klarineti. Mpingo ukiadimika, mgeni huuziwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Hapo mchongaji hodari hukosa soko, na kijiji hukosa mti na fedha.

Jirani zetu wa Kilwa wameonyesha njia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Kijiji chenye mipaka na mpango wa uvunaji kina nguvu ya kuzungumza bei.

Ndugu wafadhili, Nachingwea tunaijua miradi iliyopangwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga. Misitu ilifyekwa, reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na baadaye hata reli iling'olewa. Kwa hiyo tunawaomba tusianze na jengo la kituo cha utamaduni. Tuanze na msitu, kisha wachongaji, jengo lifuate likihitajika.

Wajumbe wa kamati, nawaomba mambo matatu:

1. Kaeni na halmashauri za vijiji vyenu, mjue mpingo uliobaki uko wapi na mipaka ni ipi.

2. Orodhesheni wachongaji wote walio karibu nanyi, bila kujali dini.

3. Tafuteni vijana watakaojifunza kwao kukausha gogo polepole lisipasuke, kuchonga, na kuandika chini ya kinyago jina la mchongaji na la kijiji.

Jina hilo litamwambia mgeni kazi imetoka wapi, na litampa mchongaji nafasi ya kutafutwa tena. Lakini tusipotunza mpingo, wajukuu wetu hawatakuwa na cha kuandika jina.