Tadbiri ya Klopp na Chipukizi Wake

Wasikilizaji, ya kuwa Liverpool iliishinda Chelsea kwa bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Ligi huko Wembley, jioni ya tarehe 25 Februari 2024, mmekwisha kuarifiwa. Lililo bora kutazamwa ni tadbiri ya Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, ambaye, akiwakosa Salah, Núñez na Szoboszlai kwa majeraha, na Gravenberch naye akiisha kutolewa kwa machela kabla ya mapumziko, alimtia Gomez nyuma, akamsogeza barobaro Bradley mbele ubavuni kulia, na Elliott akamrudisha kati.

Baadaye wakaingia Clark na McConnell, wenye miaka 19, na Danns wa miaka 18. Nakiri nilidhani amekata tamaa. Walakini maghulamu hao, hata walipobanwa na viungo walionunuliwa kwa mali isiyo haba, waliendelea kuutaka mpira miguuni, nao Chelsea ndio waliorudi nyuma.

Dakika ya 118, katika muda wa nyongeza, Tsimikas wa Liverpool akapiga kona, na nahodha van Dijk, ambaye bao lake la kwanza lilikataliwa kwa kuotea kwa mwenzake Endo, akaupeleka mpira kwa kichwa pembe ya mbali.