Siku Tulipocheka, na Daftari Likafunguliwa
(Maneno kwa mkutano wa vikundi, Mukurweini)

Niliombwa niongee juu ya hesabu, lakini nitaanza na kicheko.

Jumamosi moja akina mama kumi na wanne wa kikundi kimoja walikodi matatu, nami nikapanda nao, tukaenda Nyeri mjini kutazama mchezo wa kuchekesha wa Kikuyu katika hoteli. Jamani, tulicheka! Mama mmoja alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Tulifika nyumbani saa saba usiku, na ng'ombe wanangoja kukamuliwa alfajiri.

Michezo hii haikuanza jana. Mwaka 1977, huko Kamirithu, Limuru, wanakijiji wenyewe waliigiza, serikali ikapiga marufuku. Miaka ya 1990 Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri, yule wa "Whispers" gazetini, akishirikiana na Wahome Karengo, alipeleka michezo ya Kikuyu kwenye mabaa na hoteli. Katika Mugaathe Mubogothi walimcheka mtawala anayeweweseka, na Mutahi alikuwa amekwisha kufungwa mwaka 1986. Alifariki mwaka 2003. (Habari ya baa mimi siipendi, maana mama haingii huko kwa urahisi.)

Sasa sikieni. Mkutano uliofuata, wale akina mama wakaigiza wenyewe. Mmoja akawa mweka hazina. Kila akiulizwa daftari anasema, "Liko nyumbani, ng'ombe amelilalia." Watu wakavunjika mbavu. Mweka hazina wa kweli naye akacheka, kisha akanyamaza.

Halafu akainuka mwingine, mkoba begani. Akanywa chai, akatia sahihi kitabu cha wageni, akasema, "Mnaendelea vizuri sana, akina mama," akaenda zake. Huyo alikuwa mimi! Wote wakanigeukia. Niseme ukweli: kwa miezi saba nilikuwa naona lile daftari halifunguliwi, nikaona haya kuuliza, kwa sababu mwenyewe ni mama wa heshima.

Wiki iliyofuata daftari lilikuja. Pesa za mzunguko zilikuwa zimepungua shilingi 6,400. Tumekubaliana alipe 400 kila mwezi, na mwezi uliopita alilipa. Bado tunaketi naye. Juzi ameniuliza mchezo mwingine ni lini, eti safari hii yeye ndiye atashika mkoba.