Pato la Taifa na Pumzi ya Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa katika darasa la wanachama. Yamechapwa hapa kwa ombi la matawi.)



Niliombwa niseme juu ya uchumi, na naona wengine wenu mmeshaanza kuutazama mlango. Ngojeni kidogo. Nitasema juu ya hesabu moja tu. Hesabu hiyo ndiyo matajiri hutuwekea mezani kila tunapokwenda kuzungumza habari za mishahara, nasi hatuna desturi ya kuuliza imefanywa namna gani.

Hesabu hiyo huitwa pato la taifa. Ni jumla ya thamani ya vitu na huduma zote zinazotengenezwa katika nchi kwa mwaka mmoja. Jumla ikizidi ile ya mwaka uliopita husemwa uchumi umekua, na wakubwa hufurahi. Ikipungua, sisi ndio tunaoambiwa tufunge mikanda.

Mtakumbuka Septemba 2014. Watu wa takwimu wa Serikali walipiga hesabu upya, wakautumia mwaka 2009 kuwa msingi badala ya mwaka 2001, wakaingiza kazi nyingi ambazo zamani hazikuhesabiwa vizuri. Ikaonekana ya kuwa pato la Kenya la mwaka 2013 lilikuwa kubwa kwa robo nzima kuliko lilivyodhaniwa. Basi Kenya ikatoka katika kundi la nchi maskini, ikaingia katika kundi la nchi za kipato cha kati, daraja ya chini. Sisemi walidanganya. Walifanya kazi yao, na hesabu ya zamani ndiyo iliyokuwa na upungufu. Lakini nauliza: asubuhi ile, nani kati yenu alikuta sukari imeongezeka koponi?

Hesabu hii iliundwa na watu, kwa haja yao. Katika dhiki kuu ya miaka ya 1930, Bunge la Marekani lilitaka kujua nchi imepoteza mapato kiasi gani. Mtaalamu aliyepewa kazi hiyo, Simon Kuznets, alipeleka ripoti yake mwaka 1934, na ndani ya ripoti hiyo hiyo akaonya ya kwamba hali njema ya watu haiwezi kujulikana kwa kutazama jumla ya mapato tu. Hesabu ikashikwa, onyo likaachwa. Na katika miaka ya 1940 bibi mmoja Mwingereza, Phyllis Deane, alipofanya hesabu kama hii katika nchi tunazoziita leo Zambia na Malawi, aliona si haki kuhesabu mali ya kijiji na kuziacha kazi za wanawake kama kutafuta kuni na kupika. Naye hakusikilizwa. Mpaka leo kupika, kufua na kulea watoto nyumbani havimo katika pato la taifa. Serikali yetu ilipopima mwaka 2021 jinsi watu wanavyozitumia saa zao, ilionekana mwanamke wa Kenya hutumia kama saa nne na nusu kwa siku katika kazi hizo zisizo na malipo, na mwanamume hata saa moja haifiki. Wanaume msicheke. Shati ulilovaa kuja kazini limefuliwa na mtu.

Sasa nataka twende Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, maana huko ndiko hesabu hii inakoonekana mifupa yake.

Mwaka 2007 kilianza kazi pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Ukuta wa kiwanda ulikuwa karibu kabisa na nyumba za watu. Kiwanda kiliajiri watu, kiliuza mali yake, kwa hivyo katika vitabu vya taifa kilikuwa baraka. Lakini moshi ulishuka juu ya mabati, na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Risasi ni sumu. Huingia katika damu na kuharibu ubongo wa mtoto, na waganga wa Shirika la Afya Duniani wasema hakuna kipimo kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua. Alipopimwa, damu ikaonekana ina risasi. Mama yule akaacha kazi akaanza kuwakusanya majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Watu wakaenda mahakamani, na mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikayaondoa malipo hayo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni wenyewe miaka, tangu moshi wa kwanza mpaka neno la mwisho la mahakama.

Tazameni sasa vitabu vinasemaje. Risasi iliyouzwa imeandikwa kuwa faida. Ada ya daktari imeandikwa kuwa faida, ada ya wakili vile vile, hata sanduku la maiti lililonunuliwa kwa fundi. Vyote vimeongeza pato la taifa. Akili ya mtoto iliyopotea haikuandikwa popote, maana haina bei sokoni.

Na kuna jambo ambalo magazeti hayakulitilia mkazo, nasi tulitilie. Moshi ule haukuanzia kijijini, ulianzia kazini. Wa kwanza kuuvuta walikuwa wafanyakazi waliosimama penye tanuri, kisha wakaipeleka sumu nyumbani katika nguo zao. Kama pangekuwa na kamati ya wafanyakazi yenye meno, kijiji kisingehitaji mahakama.

Kabla ya mkutano ndugu mmoja aliniambia: "Bwana, wewe wataka viwanda vifungwe, sisi tule nini?" Ni swali la haki. Wako watu katika nchi tajiri wasemao ulimwengu umekua vya kutosha, sasa tupunguze. Kwa nchi zao huenda wana haki. Wana maji katika kila nyumba na gari mbili mlangoni. Mimi siwezi kumwambia mama wa Turkana apunguze. Kwetu yako mambo ambayo lazima yakue: maji, umeme, zahanati, chakula. Ninalokataa ni kuambiwa kila kinachoongeza jumla ni chema. Umeme wa mvuke wa Olkaria unatoka ardhini bila kuchoma mafuta, na ni sifa kwa Kenya. Hata hivyo Wamaasai waliohamishwa pale mwaka 2014 walipeleka malalamiko yao mpaka Benki ya Dunia. Hata kitu chema kina gharama, na gharama lazima iandikwe.

Nchi nyingine zimeanza kupima kwa njia nyingine. New Zealand ilitoa mwaka 2019 bajeti iliyoitwa ya hali njema ya watu. Bhutan imeweka furaha ya taifa katika katiba yake ya mwaka 2008. Msizisifu kupita kiasi. Vijana wengi wa Bhutan wamekwenda kutafuta kazi Australia, maana furaha bila mshahara haipiki ugali.

Na habari ya Australia inatupa jibu la yule ndugu. Mwaka 1971 katika mji wa Sydney, kampuni moja ilitaka kujenga nyumba za fahari penye kichaka kilichobaki kando ya maji, mahali paitwapo Kelly's Bush. Akina mama wa mtaa walikwenda kwa wakubwa wote wasisikilizwe. Mwishowe wakaenda kwa chama cha wajenzi, kilichoongozwa na Jack Mundey. Chama kikasema hakuna mwanachama atakayeshika koleo pale. Kampuni ikasema italeta watu wasio wa chama. Wajenzi waliokuwa wakijenga jengo jingine la kampuni hiyo hiyo wakajibu: ukiugusa mti mmoja, jengo hili litabaki nusu daima. Kichaka kipo mpaka leo. Kabla ya mwisho wa mwaka 1974 chama kilikuwa kimezuia kazi namna hiyo mahali zaidi ya 40. Wala hawakuikataa kazi yenyewe, kwani walisema wako tayari kujenga hospitali, shule na nyumba za watu wa kawaida. Lakini niwaambie yote: mwaka 1975 wakuu wa chama chao cha nchi nzima waliwaondoa viongozi wale. Walishindwa ndani ya chama chenyewe. Anayedhani tajiri peke yake ndiye wa kuangaliwa hajakaa sana katika vyama.

Sasa sisi tuna nini mkononi? Tuna sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007. Mahali penye watu 20 au zaidi, tajiri lazima aunde kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Tuna Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chasema mtu aweza kwenda mahakamani bila kungoja kuthibitisha ya kuwa kuna aliyekwisha kuumia. Lisomeni neno hilo mara mbili. Si lazima tungoje damu ya mtoto.

Kwa hivyo tutakapokwenda tena kuzungumza mapatano, tajiri akileta karatasi yake ya ukuaji, nasi tulete yetu. Iandikwe vumbi kiasi gani, na nani amelipima. Maji ya kiwanda yanatokea wapi, yanaishia wapi. Mtu anatoka nyumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi, watoto wake wakiwa macho au wamelala. Walioacha kazi kwa kifua mwaka huu ni wangapi. Mshahara tutaudai vile vile, msiogope.

Matawi yasiyo na kamati ya usalama, makatibu wenu waniandikie majina yake leo kabla ya kuondoka. Haya, maswali. Ndugu wa pale nyuma ameinua mkono tangu zamani.