Dirisha la Midland

Katika mji mdogo wa Midland, jimboni Michigan nchini Marekani, ipo taasisi ya utafiti isiyogombea kura wala kuwa na mbunge. Mackinac Center ilianzishwa mwaka 1987 kutetea soko huria: kodi nafuu, masharti machache ya biashara na uhuru wa mzazi kuchagua shule.

Mmoja wa viongozi wake, Joseph Overton, aliyefariki mwaka 2003, aliacha wazo ambalo wenzake waliliita dirisha la Overton. Mwanasiasa, kwa maelezo yake, huchagua yale tu ambayo umma uko tayari kuyakubali; hayo ndiyo yaliyo ndani ya dirisha. Kazi ya taasisi, basi, ni kulisogeza dirisha hilo kwa ripoti, makala na hata mashauri mahakamani.

Na husogea kweli.

Kwa miaka mingi Mackinac ilidai kwamba mfanyakazi asilazimishwe kulipa ada ya chama cha wafanyakazi ili abaki kazini. Desemba 2012, Michigan, ngome ya vyama hivyo na ya viwanda vya magari, ikapitisha sheria ya aina hiyo. Mwaka 2023, Wademokrati walipolishika Bunge la jimbo, wakaifuta.

Wakosoaji wanalalamika kwamba taasisi hiyo haiwataji wafadhili wake wote. Hoja yao ina uzito. Tafiti zake zina haki ya kusikilizwa, lakini anayetaka kubadili sheria zinazomgusa kila mfanyakazi anapaswa kumweleza mfanyakazi huyo fedha zinatoka kwa nani.