Utii Wakati wa Njaa: Habari ya Mlima Wetu wa Ndara



Kamati imetupa nafasi ya kusema machache juu ya kudumu katika utii wa Mungu wakati wa shida. Tungaliweza kutafuta mifano ya mbali, lakini mlima huu una habari yake, na ni haki tuanze nayo.

Mwaka 1883 Bwana Joseph Wray, mmisionari wa CMS, alipanda Sagalla, hapa Ndara, akajenga. Haukupita muda mrefu mvua ikakosa. Njaa ya 1884 ilikuwa kali mno. Mashamba yalikauka, watu wengi wakafa, na walio hai wakaanza kuulizana ni nani aliyeifunga mvua. Jibu lilikuwa karibu: ni yule mgeni. Tusiwacheke wazee wale. Mtu aliyezika watoto wake hutaka kujua sababu, na asiye na ukoo mlimani ndiye rahisi kushtakiwa kuliko wote.

Bwana Wray hakuwa na mvua ya kumpa mtu. Mwanzoni mwa 1885 Askofu James Hannington alifika Taita akajionea hali ilivyo. Misheni ikaachwa kwa muda, na baadhi ya watu wakateremshwa hadi Rabai. Hapa tungependa kutua kidogo. Rabai ya siku zile ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao, watu ambao uhuru wao wenyewe haukuwa na hakika, maana fidia yao haikulipwa mpaka mwanzo wa 1889. Katika kijiji cha watu wa namna hiyo ndipo wenye njaa wa Ndara walipopata mahali pa kulala. Twaona huo nao ulikuwa utii, ingawa majina yao hayatajwi sana vitabuni.

Baadaye Wray alirudi mlimani palepale aliposhtakiwa. Alikaa akijifunza usemi wa watu, na mwaka 1894 kitabu chake cha kufundishia Kitaita kikapigwa chapa. Waumini walikuwa wachache kwa miaka mingi. Kama angalipima kazi yake kwa hesabu ya watu, angalifunga mizigo mapema.

Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Ayubu. Mali ilikwisha, watoto wakafa, mwili ukaoza. Ndipo rafiki zake wakaja kumtafutia kosa. Walisema maneno mengi ya dini, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao. Wazee wetu wa zamani, ambao hawakuisoma habari hiyo, walikuwa na njia yao ya kutasa: mzee alichukua maji ya miwa kinywani, akayarusha kwa mnyunyizo huku akimwomba Mlungu, ili hasira imtoke moyoni kabla haijamdhuru jirani. Hatusemi mambo haya mawili ni mamoja. Twasema tu kwamba Mtaita hawezi kudai hakufundishwa.

Ukame wa 2020 hadi 2022 tuliuona wote. Tembo wa Tsavo walishuka mashambani kutafuta maji na majani, na wakulima wa Sagalla wakazidi kutegemea mizinga ya nyuki waliyoitundika kwa waya kuzunguka mashamba, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Hiyo ni kazi njema, na asali yake ni tamu. Lakini katika siku zilezile kulikuwa na kazi nyingine iliyofanywa gizani. Jina la bibi mmoja, mjane na mzee, lilianza kunong'onwa visimani: ati ndiye mwenye kufunga mvua. Wengine waliolinena hukaa mistari ya mbele kanisani. Mvua imenyesha tangu wakati huo, wala hakuna aliyekwenda kumwomba radhi.

Yatupasa tuseme wazi, maana kiangazi kingine kitakuja. Mtu aweza kufunga na kusali mwezi mzima, na kwa neno moja la kisimani akamtoa jirani yake katika ulinzi wa watu.

Kamati imekwisha kuandika nyumba zitakazogawiwa mahindi ya akiba ya chama. Nyumba ya bibi huyo ni ya nne katika daftari. Tumeombwa na watu wawili tuifute, nasi tumekataa. Tunaomba mkutano huu uthibitishe orodha kama ilivyo, na wazee wawili wachaguliwe leo kumpelekea gunia lake, mchana, kwa njia kuu ipitayo sokoni.